Pampu ya bluu inaisha kwa wiki tano, na usiku bado kifua kinabana

SWALI: Nina miaka 34, ni fundi cherehani, naishi Tanga. Pumu ninayo tangu nikiwa msichana. Natumia pampu ya bluu, na siku hizi mkebe mmoja unaniishia kwa wiki tano. Usiku naamka saa tisa au saa kumi kifua kimebana na kinalia filimbi, mara mbili au tatu kwa wiki. Duka la dawa waliniuzia pia pampu ya kahawia; nikaitumia siku nne, sikuona tofauti, nikaiweka kabatini. Nikizidiwa nameza vidonge vya salbutamoli. Mama mkwe anasema pampu inazoesha, ukishaianza huachi. Je, mwili umeizoea dawa, nibadilishe? Na Ramadhani nitafungaje?

JIBU: Dada, pole. Tuanze na hesabu, maana nusu ya jibu imo ndani ya huo mkebe. Mkebe wa kawaida wa salbutamoli una mibonyezo 200, kila mmoja maikrogramu 100. Ukiisha kwa siku 35, unabonyeza karibu mara sita kwa siku, na kwa mwaka utamaliza mikebe kumi. Miongozo ya kimataifa ya pumu inachukulia mikebe mitatu kwa mwaka kuwa tayari ni dalili ya mgonjwa aliye katika hatari ya kuzidiwa. Ikifika kumi na miwili, hatari ya kufa kwa pumu nayo inapanda. Uko karibu na huko, na ndiyo maana usilichukulie suala hili kama la kubadilisha dawa moja kwa nyingine. Tatizo lako ni kwamba unatibu nusu ya ugonjwa.

Mama mkwe hakukosea moja kwa moja, ila ametaja "pampu" bila kusema ipi. Kwenye pumu kunatokea mambo mawili. Misuli inayozunguka mirija ya hewa inajikaza, na hiyo ndiyo kubana unakokusikia. Chini ya hapo, ukuta wa ndani wa mirija umevimba na unatoa ute mzito, na uvimbe huo upo hata siku unayojisikia mzima. Bluu inalegeza misuli tu. Inafanya kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake inakaa saa nne mpaka sita. Uvimbe haiugusi. Ukibonyeza saa nne ukiwa unalala, saa tisa dawa imeisha, tena ni muda ambao homoni ya mwili inayotuliza uvimbe iko chini kabisa na mirija hujibana yenyewe. Hapo ndipo unapoamka.

Bluu ikitumiwa peke yake kila siku, mwitikio wa mirija kwake hupungua, na mirija yenyewe huwa myepesi zaidi kushtuka kwa vumbi au baridi. Huko ndiko kuzoea anakokuona mama mkwe, na ameona sawasawa. Ndiyo maana tangu 2019 miongozo hiyo haishauri tena mtu mzima atibiwe pumu kwa bluu pekee, hata kama pumu yake ni ndogo.

Pampu ya kahawia, ikiwa kweli ni beklometasoni, ndiyo inayotibu uvimbe. (Soma jina kwenye mkebe, usiamini rangi, viwanda havilazimiki kufuata rangi moja.) Hii haina raha yoyote ya papo hapo. Unabonyeza, husikii kitu. Uvimbe unaanza kushuka baada ya siku kadhaa, wengi huona usiku umetulia baada ya wiki moja mpaka mbili, na faida yote inaweza kuchukua hata miezi mitatu. Siku nne ulizoitumia hazikutosha kuipima. Kosa ni la aliyekuuzia bila kukueleza.

Ile ya kabatini angalia tarehe ya kuisha muda wake, kisha nenda nayo kwa daktari pamoja na ya bluu. Mfano wa kipimo kinachotumika sana kwa mtu mzima ni beklometasoni ya maikrogramu 100, mibonyezo miwili asubuhi na miwili usiku, kila siku, uwe unabanwa au hubanwi. Kwa mpango huo mkebe wa 200 unakaa siku 50. Andika tarehe uliyoufungua kwa kalamu ya wino mzito juu ya mkebe wenyewe, na tarehe utakapoisha. Mikebe mingi haina kihesabio, na hata dawa ikiisha gesi inabaki, kwa hiyo ukitikisa utasikia kitu na ukibonyeza kitatoka. Ile mbinu ya kuuelea mkebe kwenye maji haipimi dawa iliyobaki, na inaweza kuziba tundu.

Kwa kuwa unaamka usiku mara mbili na zaidi kwa wiki, daktari anaweza kuona beklometasoni pekee haitoshi na kukupa pampu ya mchanganyiko wa budesonidi na fomoteroli. Hii imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), na uzuri wake ni kwamba fomoteroli inafungua haraka karibu kama bluu, kwa hiyo pampu moja inaweza kuwa ya kila siku na ya kubanwa pia. Usichanganye na ile yenye salmeteroli. Nayo ni mchanganyiko, nayo ni nzuri, lakini inachelewa kufungua. Ukiitegemea wakati umebanwa itakuangusha.

Beklometasoni na budesonidi ni za kundi la steroidi, na watu husikia neno hilo wakaogopa. Beklometasoni ya siku nzima kwenye mfano wa hapo juu ni maikrogramu 400, yaani chini ya nusu miligramu, na inakwenda kifuani moja kwa moja. Prednisoloni (steroidi ya vidonge) anayopewa mtu mzima aliyezidiwa ni miligramu 40 hadi 50 kwa siku, siku tano mpaka saba, na inazunguka mwili mzima. Uzito wa dawa mbili tofauti haulinganishwi kama sukari na sukari, ila unaona ukubwa wa pengo. Anayeikimbia pampu ya kahawia kwa kuogopa steroidi mara nyingi huishia kuzipata nyingi zaidi kwa kozi za vidonge na sindano za usiku, na hizo zikirudiwa mara kwa mara ndizo zinazoharibu mifupa na kupandisha sukari na presha. Kero za pampu zenyewe ni sauti kukwaruza na utando mweupe wa fangasi kinywani. Dawa yake ni kusukutua na kutema kila baada ya kuitumia. Bonyeza kabla ya kupiga mswaki, utakuwa umemaliza yote kwa pamoja.

Vidonge vya salbutamoli viache. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina dawa mara ishirini ya mibonyezo miwili ya pampu, kinachelewa nusu saa au zaidi, na sehemu kubwa inaishia kukutetemesha mikono na kukupiga moyo badala ya kufungua kifua. Kwa fundi anayetunga uzi kwenye sindano, hilo la mikono utakuwa umeshaliona.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, nalo lina uzito kuliko jina la dawa: unavyoivuta. Simama mbele ya kioo ubonyeze kama kawaida yako. Ukiona ukungu mweupe unatoka pembeni mwa midomo, puani au juu ya pampu, dawa uliyoilipia inaishia hewani. Makosa ni yaleyale kwa karibu kila mtu: hatikisi, kwa hiyo dawa imetuama na kipimo hakiko sawa, anabonyeza kwanza halafu anakumbuka kuvuta, anavuta kwa kasi kama anayenusa ugoro, na dawa inagonga koo badala ya kushuka, anatoa pumzi papo hapo bila kuiziba, anabonyeza mara mbili mfululizo.

Inavyotakiwa ni hivi. Tikisa mara tano hivi. Kama ni mpya, au imekaa wiki bila kutumika, bonyeza kwanza mara mbili hewani. Toa pumzi taratibu mpaka kifua kiwe chepesi. Kaa wima, kidevu kimeinuka kidogo, ulimi chini, midomo imeziba kabisa kuzunguka mdomo wa pampu. Anza kuvuta polepole, na ukiwa umeshaanza ndipo ubonyeze mara moja, uendelee kuvuta kwa sekunde nne au tano. Ziba pumzi, uhesabu mpaka kumi. Subiri nusu dakika hadi dakika moja, utikise tena, ndipo mbonyezo wa pili.

Wengi hawawezi kulinganisha kidole na pumzi, hasa wakiwa wamebanwa, na hakuna aibu. Kwao kuna spesa, kile chumba cha plastiki kinachowekwa kati ya pampu na mdomo. Dukani ni ghali au haipo, lakini chupa ya maji ya nusu lita inafanya kazi hiyohiyo. Jambo hili lilipimwa Cape Town kwa watoto waliobanwa na pumu, matokeo yakachapishwa 1999: chupa ya mililita 500 iliyozibwa vizuri pale pampu inapoingia ilifanya sawa na spesa ya dukani, chupa isiyozibwa ikawa nyuma yake, na kikombe cha plastiki nyepesi kikawa cha mwisho. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kuziba.

Chukua chupa safi, ondoa kifuniko. Simamisha mdomo wa pampu katikati ya kitako cha chupa, uchore kwa kalamu kuuzunguka. Pasha moto waya mnene, utoboe ukifuata mstari kwa ndani kidogo, ili pampu iingie kwa kusukumwa. Fanyia nje, moshi wa plastiki si wako. Lainisha kingo, kisha ziba mwanya kwa gundi au utepe wa plastiki. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, uikung'ute, iache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa: kusugua plastiki kunaleta ule umeme unaonatisha nyuzi kwenye nguo, na dawa itanata kwenye kuta za chupa badala ya kukufikia. Siku ya kwanza bonyeza mara tano ndani yake kabla hujaitumia. Halafu kila mara ni mbonyezo mmoja, weka midomo kwenye shingo ya chupa, vuta na kutoa taratibu mara tano au sita humohumo, ndipo mbonyezo mwingine. Osha mara moja kwa wiki. Ikipasuka au ikipauka, tengeneza nyingine.

Ukibanwa, kaa wima, usilale. Bonyeza bluu kwenye chupa mara nne, mmojammoja kama nilivyoeleza. Ikihitajika unaweza kufika mibonyezo kumi, na kurudia kila dakika 20 ndani ya saa ya kwanza. Lakini kama raundi ya kwanza haijakupa nafuu ya kueleweka, au nafuu imekaa chini ya saa tatu, anza safari ya hospitali na uendelee kubonyeza njiani, wala usipande bodaboda peke yako. Kama huwezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo au kucha zinageuka bluu, au unahisi usingizi na kuchanganyikiwa, usisubiri raundi yoyote. Waambie pia watu wa nyumbani hili: kifua kilichokuwa kinalia filimbi kikinyamaza huku bado unahangaika, hewa haipiti kabisa, na hiyo ni mbaya kuliko kelele. Kujifukiza kwa majani wakati huo kunaongeza mwasho na kupoteza muda.

Sasa nyumbani na kazini. Sitakupa orodha ya vitu hamsini vya kukwepa, hakuna anayeifuata. Nitataja vinavyokuhusu.

Dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya mviringo, ndiyo ya kwanza kutoka chumbani. Utafiti wa 2003 ulikuta kuwa moja ikiungua yote inatoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Ukilala nayo chini ya kitanda, saa tisa usiku mwili unajibu. Chandarua chenye dawa kinatosha. Chetezo nacho, kwa Tanga najua ninachokigusa: udi na ubani fukiza nguo nje au sebuleni ukiwa hupo, chumba cha kulala kiache.

Mkaa uwashie nje, bila mafuta ya taa, usiingize jiko ndani mpaka moshi uishe. Hata hivyo mkaa usio na moshi bado unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo dirisha na mlango viwe wazi, na kamwe usilale na jiko chumbani. Maharage yaloweke usiku kucha, utapunguza muda wa kukaa jikoni. Gesi ikiwezekana, hata kwa chai na mapishi mafupi tu, ni nafuu kubwa.

Godoro na mito. Pwani kuna unyevu, na unyevu ndio unaowalea utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaokula magamba ya ngozi yetu. Mito ya sufi ya zamani imejaa vumbi la namna hiyo. Ibadilishe, au uivishe mfuko wa plastiki au kitambaa kizito chini ya foronya. Shuka zifue kila wiki, kwa maji ya moto ukiweza, uzianike kwenye jua kali. Mende pia ni chanzo kinachosahaulika: kinyesi chao kinaingia kwenye vumbi. Funika chakula na kausha sinki usiku kabla ya kukimbilia dawa ya kupuliza, maana hiyo nayo inabana kifua.

Na cherehani. Nyuzi zikijaa kwenye nyumba ya bobini, mafundi wengi huinamisha uso na kupuliza kwa mdomo. Vumbi lote linarudi usoni, na kabla ya kupuliza tena unavuta pumzi ndefu katikati yake. Tumia brashi ndogo, kitambaa chenye unyevu chini yake. Sakafu ifutwe kwa maji badala ya kufagiwa kavu. Jora jipya lenye harufu kali ya kiwandani litundike nje kutwa kabla ya kulikata. Kisha jichunguze: ukipumzika Jumapili au ukisafiri wiki moja, usiku unatulia? Kama ndiyo, mwambie daktari kuwa kazi inahusika. Usijidanganye kwa kuwa kubana kunakuja usiku. Kifua kinaweza kujibu vumbi la mchana saa kadhaa baadaye.

Dawa za maumivu: kwa baadhi ya wenye pumu, aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huleta mbano mkali ndani ya saa moja au mbili. Kama hujawahi kuzitumia salama, tumia paracetamoli. Na popote utakapoandikiwa dawa ya presha, ya moyo au ya matone ya macho, taja pumu kwanza, kwa sababu propranololi, atenololi na matone ya timololi yanaweza kufunga mirija. Ukipata ujauzito usiache pampu yoyote. Mtoto anahitaji oksijeni yako kuliko anavyoogopa dawa.

Ukienda kliniki, omba wakupime kwa kipima pumzi, kile kifaa unachokipulizia kwa nguvu, kabla ya bluu na dakika 15 baada yake. Kupanda kwa asilimia 20 au zaidi kunathibitisha kuwa mirija inafunguka, na hiyo ni sura ya pumu. Kama una kikohozi cha wiki mbili au zaidi chenye homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito, pima makohozi ya kifua kikuu pia. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kisha weka daftari dogo kando ya kitanda na uandike mambo mawili tu kila siku: umebonyeza bluu mara ngapi, na umeamka au hujaamka. Baada ya wiki nne unataka bluu isizidi mara mbili kwa wiki na usiku usiwe na alama hata moja. Ukiwa hivyo kwa miezi mitatu, daktari anaweza kuanza kupunguza kipimo cha kahawia kidogokidogo. Anayepunguza ni yeye, si wewe baada ya kujisikia mzima.

Ramadhani: dawa ya kila siku haina tabu, mibonyezo ya asubuhi inakwenda kwenye daku kabla ya adhana, ya usiku baada ya futari. Kwenye bluu wakati wa saumu wanazuoni wametofautiana, wapo wanaosema haifunguzi na wapo wanaosema inafunguza, kwa hiyo muulize sheikh wako kabla ya mwezi kuandama. Kwa upande wa tiba hakuna la kujadili: ukibanwa mchana unabonyeza palepale, iwe umefunga au umefungua, na siku utailipa ikibidi. Na kama mwezi utakukuta bado unaamka mara tatu kwa wiki, ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa baadaye inakuhusu wewe hasa.